Naombeni msaada: kutoa rangi ya visanamu kwenye kikopo kwenda kwenye paleti bila kuipoteza

kijana_wa_Trent (Nottingham)

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Mimi ni Mtanzania nasoma huku Nottingham mwaka wa pili sasa, na wanaofuatilia mambo haya wanajua huu ndo mji wenye makao makuu ya Games Workshop, wale wa Warhammer, ule mchezo wa vita vya visanamu, basi mwenzangu tunayekaa naye nyumba moja akanipeleka siku moja kuangalia yale mapambano waliyoyapanga ndani ya makabati ya vioo, visanamu vingi mno na kila kimoja kimepakwa kwa mkono, nikatoka pale siongei. Tangu siku hiyo napaka. Nikimaliza kusoma usiku nakaa na askari mmoja mezani saa nzima akili inatulia kabisa.

Shida yangu ni rangi. Natumia vile vikopo vya mdomo mpana vyenye mfuniko wa kubinua, na bajeti yangu ni ya mwanafunzi, kikopo kimoja ni hela ya chakula cha mchana. Sasa nikiangalia vizuri naona rangi nyingi haifiki kwenye kisanamu kabisa. Nachovya brashi kikoponi, naipangusa kwenye sahani, nusu inabaki kwenye nywele za brashi naenda kuiosha majini, nyingine inabaki kwenye mdomo wa kikopo inakauka inakuwa ukoko na mfuniko haukazi tena, nyingine inakaukia sahanini kabla sijamaliza hata mguu mmoja. Juzi nimefungua nyeupe niliyonunua Februari nimekuta imeshikana kama ugali wa jana. Iliniuma jamani.

Kwa hiyo mnaojua naombeni mnieleze, mnatoa na nini, mnatoa kiasi gani kwa mara moja, na hii habari ya kuhamishia rangi yote kwenye vichupa vya matone inasaidia kweli au kwenye kuhamisha ndo unapoteza zaidi? Natanguliza shukrani.

fundi_marumaru (Dar es Salaam)

Kaka pole na hiyo nyeupe, nyeupe ndo inaumaga kuliko zote maana ndo inatumika kila siku.

Mi nianze na brashi. Acha kabisa kuifanya brashi kijiko. Brashi imetengenezwa ishike rangi, ndo kazi yake, kwa hiyo ukiitumia kuchotea itashika na kile ulichokuwa unataka kihamie palettini, halafu unaenda kukimwaga kwenye kopo la maji. Na ukichovya mpaka kwenye kile chuma kinachobana nywele rangi inaingia mle ndani, inakauka, nywele zinaanza kupanuka kama ufagio na ncha haikutani tena, sasa hapo umepoteza rangi na brashi yenyewe. Ukipoteza brashi ya nywele za kolinski, zile laini za mnyama, utalia kuliko hiyo nyeupe.

Tumia njiti ya meno. Au vile vijiti vya mbao vya kukorogea kahawa, hukohuko Uingereza vimejaa kwenye migahawa, chonga ncha yake kidogo iwe bapa. Kijiti hakishiki kitu, ukikigusisha palettini rangi inashuka karibu yote, kilichobaki unakipangusa kwenye tishu na ni kidogo sana. Mi natumia kile kidude cha chuma cha kuchongea nta, cha mafundi wa meno, kina ncha kama kijiko kidogo, nimekitumia miaka na miaka na kinapanguswa kikawa kisafi mara moja.

Tena kabla hujafungua kikopo kitikise kwelikweli, kigonge kwenye kiganja, ukifungua utaona kwenye mfuniko kwa ndani kuna kilimi kimeshika rangi, si ndio? Chota hapo. Usiingie ndani ya kikopo kama huna haja. Ukichota kwenye kilimi mdomo wa kikopo hauguswi na ukoko haujengeki.

Na huo ukoko ndo uliokuulia nyeupe yako. Hizi rangi ni akriliki, ndani kuna chembe za rangi na chembe ndogo sana za plastiki zinaelea kwenye maji, maji yakiondoka zile chembe za plastiki zinashikana zinakuwa ngozi moja na ukirudisha maji haziachiani tena. Sasa mdomo ukiwa na ukoko mfuniko unakaa juu ya ukoko, hewa inapita, maji yanaondoka kidogokidogo usiku na mchana. Kila ukimaliza kazi chukua tishu yenye unyevu zungusha kwenye mdomo na kwenye shingo ya mfuniko, sekunde kumi tu, halafu funga mpaka usikie inalia. Ukoko wa zamani ung'oe kwa njiti ila kiinamishe kikopo kwa pembeni usiangukie ndani, maana ukianguka ndani utakutana nao siku unapaka uso.

Paleti mi natumia kipande cha marumaru ya bafuni, nyeupe, inang'aa. Kwa Dar na hili joto usiku nawasha feni na feni ndo adui namba moja, kwa hiyo naigeuzia ukutani. Natoa tone moja, ukubwa wa punje ya mchele, nikimaliza natoa lingine. Punje ya mchele kaka, sio maharage.

kijana_wa_Trent

Kaka fundi asante sana, hiyo ya kilimi sikuwahi kuiwaza kabisa nilidhani ni sehemu ya kufungia tu. Kweli mi nilikuwa natoa maharage.

Sasa swali, punje ya mchele kwenye marumaru si inakauka dakika mbili? Huku wamewasha hita chumba kizima hewa kavu, midomo inapasuka sembuse rangi.

wa_Rongai (Nairobi)

Niaje watu wangu. Hapo kwa kukauka ndio niko na maneno.

Tengeneza paleti ya unyevu, hauhitaji kununua. Chukua kontena ya plastiki ya chakula yenye mfuniko unashika vizuri, ile bapa, si ile ndefu. Ndani weka sponji nyembamba ama tishu za jikoni zimekunjwa mara tatu nne, mimina maji mpaka iwe imeloa kabisa lakini ukiinamisha kontena maji isitembee. Halafu juu weka karatasi ya kuokea keki, ile ya kuweka kwa treya ya oveni, na usibebe ile yenye nta, juu nta haiachi maji ipite na utashangaa mbona rangi yako bado inakauka. Karatasi kwanza iloweshe kwa maji moto dakika kadhaa, ikikuja kavu inajikunja kama chapati kwa sufuria, halafu ilaze na ukitumia kidole ama kadi ya simu fukuza mapovu yote yatoke chini yake. Mahali kuna povu maji haifiki na hapo ndipo rangi itakauka.

Hiyo karatasi inaachilia unyevu polepole kutoka chini, na rangi inapoteza maji juu kwa hewa, so inapoteza huku inaongezewa huku. Ukifunga mfuniko usiku unaamka unapata rangi iko vile uliiacha. Mimi rangi ya ngozi niliyochanganya Jumatatu nimeitumia mpaka Alhamisi, na hiyo ndio seving kubwa kabisa kuliko hata hiyo ya kijiti, juu ile kitu inapoteza rangi ya watu wengi ni mchanganyiko. Unachanganya rangi tatu kupata kivuli flani, inakauka, unachanganya tena na haitoki sawa, unaongeza hii unaongeza ile, mwisho uko na rangi ya kupaka gari na unataka kupaka kofia.

Chunga maji isizidi tu. Ikizidi utaona rangi inaanza kutambaa yenyewe kwa karatasi na inakuwa nyepesi kama chai ya maziwa kidogo. Hapo toa maji, usiongeze rangi.

Na badilisha maji, usiache wiki mbili, itaanza kunuka na kuota vitu vyeusi. Mimi hutumia maji imechemshwa ikapoa na sponji naiosha kila wikendi.

Sasa kuhusu vichupa vya matone, kuna kitu inasumbua sisi wa Nairobi na sijaona ikiandikwa mahali kwa Kiswahili. Vichupa vinajazwa huko Ulaya karibu na bahari, Vallejo kwa mfano, wale hutengeneza rangi za vichupa, wako pwani ya Uhispania karibu na Barcelona, halafu vinakuja hapa mita karibu 1,700 juu. Presha ya hewa hapa iko chini ya ile ya pwani kwa asilimia kama 18. Ile hewa ilifungiwa ndani bado ina presha ya pwani. Umeona vile pakiti ya krisps inafura ukitoka Mombasa ikifika Nairobi? Ndio hiyo. Ukifungua kichupa kikiwa kimeinama, ama uipindue mara ya kwanza tu, rangi inamwagika yenyewe haujaifinya hata kidogo, inatiririka matone kumi kwa palette na inabaki ikitoka. Mimi nilimwaga nyekundu hivyo mara mbili nikifikiri kichupa kimeharibika.

Dawa yake, kichupa kipya kisimamishe wima, kigonge rangi yote ishuke chini, weka tishu hapo kwa mdomo, fungua polepole kikiwa bado wima. Utasikia tsss, hewa imetoka, rangi imebaki. Hata bora zaidi ng'oa kile kidomo chote mara moja halafu ukirudishe. Baada ya hapo hakisumbui tena.

kijana_wa_Trent

Wa Rongai hii ya presha imenifurahisha sana, fizikia niliyoisoma kidato cha tatu nimeikuta kwenye rangi. Ndugu yangu yuko Arusha nataka nimpelekee seti likizo, Arusha nako juu si kama kwenu lakini juu, nitamwambia afungue wima.

Kontena ninalo, karatasi nanunua kesho. Bado hamjanijibu habari ya kuhamisha kwenye vichupa. Nina vikopo ishirini na mbili, nihamishe vyote?

bi_hina (Mombasa)

Nimeona watu wananyamaza kwenye hilo nami ndilo ninalolijua, kwa hivyo niseme. Mimi ni mpaka hina, kazi yangu ya miaka mingi, mwanangu wa kiume ndiye aliyeniingiza kwenye hivi visanamu, sasa mimi napaka kuliko yeye. Na kwenye hina ukijifunza jambo la kwanza ni kujaza koni bila kuacha hina kwenye bakuli, maana hina iliyobaki bakulini ni pesa ya mtu.

Vikopo vyangu nimehamisha vingi na sikupoteza kitu cha kusema. Fanya hivi mwanangu.

Nenda duka la dawa ununue bomba za sindano, za mililita 5, bila ile sindano yenyewe. Ni bei ndogo. Nunua vichupa vya matone vitupu vya mililita 15 au 20, utazame kidomo kinang'oka, maana vingine kidomo hakitoki na hutaweza kujaza. Tia ndani ya kila kichupa kitu cha kukorogea, wengine hutia gololi ndogo za chuma kisichoshika kutu, chuma cha kawaida usitie kitashika kutu na rangi itaharibika. Mimi natia shanga mbili za kioo, zile za kioo kitupu zisizopakwa rangi juu.

Sasa kikopo. Kifungue, tia kijiti mpaka chini kabisa ukwangue. Rangi nzito yote imelala chini, na ukivuta bila kukoroga utahamisha maji ya juu na rangi yenyewe utaiacha kikoponi, halafu useme kichupa kimekuharibia. Koroga taratibu usifanye povu. Ikiwa nzito sana haivutiki, tia matone machache ya midiamu ya akriliki, yaani akriliki tupu isiyotiwa rangi, ukikosa midiamu maji safi matone manne matano, koroga, funga, iache robo saa itulie. Halafu inamisha kikopo, weka mdomo wa bomba kwenye ile pembe ya chini, vuta polepole. Ukivuta kwa haraka utavuta hewa.

Ikiisha kuvutika utaona kuta zimebaki na rangi. Usioshe! Hapo ndipo watu wanapopoteza. Tia mililita moja ya midiamu iliyochanganywa na maji, funga kikopo, tikisa kwa nguvu, kikalishe kichwa chini dakika kadhaa, kisha vuta tena utie kwenye kichupa kilekile. Kikopo kitabaki karibu cheupe. Ni vile ninavyofanya bakuli la hina, unasuuza kwa maji kidogo ya ndimu na ile suuza ndiyo inayolainisha koni inayofuata.

Na mpangilio una maana. Anza nyeupe, halafu manjano, halafu machungwa, nyekundu, kahawia, buluu, mwisho nyeusi. Ukienda hivyo bomba moja linatosha rangi kadhaa kwa kusuuzwa juujuu tu, chembe ya manjano ndani ya nyekundu haionekani. Ukianza na nyeusi itabidi uoshe mpaka uchoke na kila unapoosha unamwaga rangi. Ukimaliza osha bomba papo hapo, sukuma maji mara kadhaa, likikauka lile pistoni halisogei tena.

Andika jina la rangi kwenye kichupa na utie tone la rangi yenyewe juu ya kifuniko. Usijiambie utakumbuka. Kahawia ziko nyingi.

kijana_wa_Trent

Shikamoo bi. Nimesoma mara mbili na nimenakili kwenye daftari. Sikutegemea kupata somo kutoka kwa mpaka hina lakini naona kabisa ni kazi moja.

bi_hina

Marahaba mwanangu. Ni kazi moja, mkono unaotulia na kitu cha thamani kinachokauka upesi.

mzee_wa_brashi (Muscat)

Salaam aleikum nyote. Namheshimu sana bi hina na njia yake ya kuhamisha ni sahihi, mimi mwenyewe sikujua ile ya kukalisha kikopo kichwa chini. Lakini kijana asihamishe vyote ishirini na mbili, nitasema kwa nini.

Fikiri tone. Kitu chepesi kama maji kinatoa matone kama 20 kwa mililita moja. Kikopo cha kawaida cha Citadel, yaani rangi za hao Games Workshop, ni mililita 12, kwa hivyo ndani yake una kama matone 240 tu. Sasa unataka kupaka macho ya askari wa kimo cha milimita 28. Jicho la askari huyo unaligusa kwa ncha ya brashi mara moja, ile rangi iliyotumika huwezi hata kuiona kwenye njiti. Kichupa cha matone hakijui kutoa nusu tone. Kitakupa tone zima, na wewe ulikuwa unahitaji sehemu ndogo sana yake. Kwa njiti kutoka kwenye kikopo unachukua hicho kidogo. Kwa hivyo zile rangi unazozitumia kwa vitu vidogo, buluu ya kito cha thamani, nyekundu ya ulimi, njano ya macho ya dubwana, ziache kwenye vikopo vyake na uzitoe kwa njiti. Hamisha zile unazozitumia kwa wingi, nyeusi, nyeupe, rangi ya ngozi, rangi kuu ya jeshi lako. Mimi nina rangi nyingi sana na zilizohamishwa ni kumi na moja.

Pili, rangi za chuma, dhahabu na fedha. Hizi zina vipande vidogo bapa vinavyong'aa, vinazama haraka, kwenye kichupa vinaziba kidomo na unaanza kukifinya kwa nguvu mpaka kinatema rangi yote kwa mpigo. Na kwenye paleti ya unyevu usiziweke kabisa. Vile vipande vinabebwa na maji, vinasafiri kwenye unyevu, baada ya saa moja uso wa askari wako unametameta na hujui imetokea wapi. Rangi za chuma tumia marumaru ya bwana fundi, na brashi yake na maji yake ya peke yake.

Tatu, zile rangi nyepesi za kuvujia kwenye mikunjo, na zile za kundi la Contrast, rangi nyepesi za Citadel. Hizi nazo si za paleti ya unyevu, zitatambaa mpaka ukingoni. Zinataka kishimo. Mimi natumia sahani ya kauri yenye vishimo, na kwa hizi pipeti ya plastiki inafaa kuliko kitu chochote kwa sababu ni nyepesi. Unavuta, unatia matone mawili, kilichobaki ndani ya pipeti kirudishe kikoponi palepale kwa kuwa hakijagusa kitu.

Lakini kilichokwisha kugusa paleti usikirudishe kikoponi. Najua inauma na najua utashawishika. Kimeshachanganyika na maji ya brashi na vumbi na rangi nyingine, na maji yasiyo safi ndiyo yanayoingiza ukungu. Utaokoa matone matatu uharibu kikopo kizima, na rangi iliyooza inanuka mpaka unaitupa nje ya nyumba.

Badala yake weka kikopo kitupu kimoja. Kila usiku, kilichobaki palettini, chochote, kikwangue utie humo. Baada ya wiki mbili utapata rangi ya tope, mara kahawia mara kijivu. Hiyo ndiyo ninayopakia vituo vya visanamu, yaani kile kiduara anachosimamia askari, na mawe na magofu na chini ya magari. Jeshi langu lote limesimama juu ya tope lililotokana na mabaki yake yenyewe na nalipenda sana kwa sababu rangi zote za jeshi zimo ndani yake. Kitumie upesi, usikiweke miezi, kina maji ya palettini. Na kile ambacho hakifai hata kwa tope usikimwage kwenye sinki, kiache kikauke kwenye tishu ukitupe na taka, hii ni plastiki na bomba la maji halina shukrani nayo.

fundi_marumaru

Mzee hapo kwenye chuma umesema kweli tupu. Mi nilipoteza kikosi kizima cha watu watano walikuwa wanametameta, ikabidi nipake upya nguo zote.

Ila kwa tone na jicho, mtu akiwa na paleti ya unyevu lile tone si analitumia kesho na keshokutwa?

mzee_wa_brashi

Kama kesho atapaka, sawa. Mwanafunzi mwenye mitihani hapaki kila siku. Tone likikaa siku nne tano linaanza kuachana, utaona pembeni maji yenye rangi na katikati kitu kizito. Hilo halishiki vizuri tena.

wa_Rongai

Ukweli. Mimi zangu siku nne ndio mwisho.

Na bi hina swali, kidomo kikiziba unafanya nini? Yangu ya kijani imegoma kabisa.

bi_hina

Usifinye. Ukifinya kidomo chote kitaruka na rangi yote itakuwa mezani, nimeyaona hayo. Ng'oa kidomo, kitie kwenye maji ya uvuguvugu, pitisha pini kutokea upande wa ndani kwenda nje. Ukipitisha kutoka nje unaurudisha ule ukoko ndani ya rangi na kesho utaziba tena. Na kila ukimaliza kutia tone kisimamishe kichupa, kifinye kidogo sana halafu achia, ile rangi iliyo kwenye kidomo inanyonywa irudi chini. Pangusa ncha, funga. Mimi sijaziba tangu nianze kufanya hivyo.

kijana_wa_Trent

Wakuu nimerudi, samahani nilikuwa na mitihani. Nileteeni masikio.

Nimetengeneza paleti ya unyevu kwenye kontena ya wali, mara ya kwanza nilijaza maji mengi rangi ikatambaa kama alivyosema wa Rongai, nikapunguza ikakaa. Vijiti vya kahawa nimechonga kumi. Nimehamisha rangi nne tu, nyeusi, nyeupe mpya, kahawia na ile ya kijani kibichi ya makoti yao, kwa njia ya bi hina, na nilipotikisa kikopo cha kijani na midiamu nikavuta tena nilishangaa kilichotoka, nilikuwa nimeshakishika nikitupe. Nimepaka askari kumi, makoti yote kumi tabaka mbilimbili, na kwenye kijani nilikuwa nahesabu matone kwa kuandika mistari kwenye karatasi, yametoka matone kumi na tatu. Zamani kwa askari kumi nilikuwa naona kabisa usawa wa rangi umeshuka kikoponi.

Dhahabu nimeweka kwenye kigae nilichookota dukani kwa mabaki ya ujenzi, walinipa bure.

Kitu kimoja tu kinanitatiza. Ile nyeusi niliyohamisha sasa inatoka nyepesi, haifuniki kama mwanzo. Nimekosea wapi?

bi_hina

Ulisuuza na nini, midiamu au maji?

kijana_wa_Trent

Maji bi, midiamu niliimalizia kwenye kijani.

bi_hina

Ndipo hapo. Mililita nzima ya maji kwenye kikopo kilichokuwa kimebaki nusu ni nyingi. Lakini haijaharibika. Ng'oa kidomo, kiache kichupa wazi wima mahali pasipo vumbi, funika na kipande cha tishu juu, saa chache, koroga kila mara kwa kijiti. Maji yatapungua yenyewe, na hilo hita lako litakusaidia. Ijaribu kwenye kipande cha plastiki kila baada ya saa moja, ikifunika kwa tabaka mbili funga. Usiilaze wazi usiku kucha.

kijana_wa_Trent

Nimeiweka sasa hivi, nimeweka na kengele kwenye simu kila saa. Nitaleta majibu.

kijana_wa_Trent

Imechukua muda wa saa tatu. Imerudi, inafunika. Nimefunga.